Binti wa Kasisi Aandika Habari za Kwao

Watu wengi hudhani kuwa mtunzi wa vitabu hana budi kuanza kazi yake angali kijana, na kwamba aliyefika utu uzima bila kuandika amekwisha kupitwa na wakati. Maisha ya Bibi Muthoni Likimani yaonyesha kuwa sivyo. Kitabu chake cha kwanza cha hadithi, They Shall Be Chastised, kilitolewa mwaka 1974, naye alikuwa amekaribia umri wa miaka 50. Kabla ya hapo alikuwa amefundisha shule, ameolewa na daktari, na sauti yake ilikuwa imesikika katika redio. Lakini chimbuko la kitabu hicho si kazi hizo. Chimbuko lake ni Kahuhia.

Kahuhia ni mahali penye misheni ya Kianglikana katika Murang'a, wilaya iliyoitwa Fort Hall zamani za Waingereza, kusini ya Nyeri. Huko ndiko alikozaliwa Bibi Muthoni katika miaka ya 1920. Baba yake, Levi Gachanja, alikuwa mmoja wa makasisi Waafrika wa mwanzo wa kanisa hilo katika sehemu zile. Siku hizo Wakikuyu waliwaita Wakristo athomi, yaani wasomaji, kwa kuwa kubatizwa na kujua kusoma vilikwenda pamoja. Msomaji alitambulikana kwa mavazi yake, kwa nyumba yake, na hata kwa nyimbo alizoimba. Jirani yake asiyebatizwa alishika desturi za wazee, pamoja na tambiko zao, ngoma zao na pombe yao. Mara nyingi watu hao wawili walikuwa wa ukoo mmoja, na mashamba yao yalipakana.

Ndani ya misheni sheria zilikuwa kali. Mkristo aliyeonekana katika ngoma, au aliyeoa mke wa pili, aliitwa mbele ya wazee wa kanisa, akaweza kuzuiliwa Meza ya Bwana mpaka atubu. Mwaka 1929 mambo yalizidi kuwa mazito kwa sababu ya tohara ya wasichana. Kule Tumutumu, karibu na Karatina, na Chogoria upande wa Meru, misheni ya Waskoti iliwataka Wakristo wake waape kwamba wameikataa desturi hiyo. Watu wengi walitoka kanisani, na shule za kujitegemea zikaongezeka katika nchi yote ya Wakikuyu. Ndugu aliyebaki na ndugu aliyetoka wakawa hawaketi tena pamoja.

Huo ndio ulimwengu alimokulia binti huyu wa kasisi, na huo ndio alioutia katika kitabu chake cha kwanza. Hata jina la kitabu lina sauti ya mimbarani, maana yake ni kwamba watu watarudiwa, yaani wataadhibiwa ili waongoke. Kila aliyeketi kanisani katika siku zile aujua uzito wa neno hilo.

Kuandika habari kama hizo si jambo jepesi kwa mtoto wa misheni. Akieleza makosa ya misheni peke yake, huonekana kuwa amewaaibisha wale waliomlea na kumtia kalamu mkononi. Akieleza mema yake peke yake, atakuwa amewasahau majirani waliodharauliwa na Wakristo waliotengwa. Hadithi ya kubuni humfaa mwandishi katika shida hiyo, kwa kuwa humo kila mtu hupewa nafasi ya kusema, mzee wa kanisa na mlevi, mke aliyebatizwa na mama mkwe asiyetaka kubatizwa, na msomaji huachiwa kuamua mwenyewe.

Njia iliyomfikisha Bibi Muthoni kwenye kazi hiyo ilikuwa ndefu. Alisoma Kahuhia, akawa mwalimu, na baadaye akapata masomo zaidi Uingereza. Aliolewa na Daktari Jason Likimani, Mmaasai, mmoja wa madaktari Waafrika wa mwanzo katika Kenya. Hivyo binti wa Kikuyu akajua pia maisha ya watu wasio wa kabila lake. Katika redio alitayarisha vipindi vya wanawake na watoto. Kazi ya redio ni shule kwa mtunzi, kwani msikilizaji haoni uso wa msemaji, na maneno yakiwa marefu kupita kiasi huondoka akaendelea na shughuli zake.

Hakuwa wa kwanza kati ya wanawake wa Kenya kuandika. Bibi Grace Ogot wa Nyanza alikuwa ametoa The Promised Land mwaka 1966, na Bibi Charity Waciuma, ambaye naye ni mzaliwa wa Murang'a, alikuwa ametoa Daughter of Mumbi mwaka 1969. Lakini Bibi Muthoni alipoanza hakukawia. Mwaka ule ule wa 1974 shirika la vitabu la East African Literature Bureau lilitoa kitabu chake kingine, What Does a Man Want?, kilichoandikwa kwa mtindo wa mashairi.

Mwaka 1985 kilifuata Passbook Number F.47927, juu ya wanawake katika Hali ya Hatari iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 1952. Wakati huo Wakikuyu, Waembu na Wameru hawakuweza kusafiri bila kitabu cha pasi, na watu zaidi ya milioni moja walihamishwa kwa nguvu wakatiwa katika vijiji vilivyolindwa. Wanaume wengi walikuwa msituni au kizuizini. Wanawake ndio waliotolewa kila asubuhi kwenda kazi za lazima, wakichimba hata handaki refu pembeni mwa msitu wa Mlima Kenya. Vitabu vingi vya vita hivyo vilitaja majemadari na magavana. Yeye aliandika habari za mama mwenye jembe mkononi na mtoto mgongoni.

Katika kila kijiji cha Nyeri, Kirinyaga, Embu na Meru wamo watu walioona mambo makubwa, au walioyasikia kwa wazazi wao, nao hawajayaandika popote. Bibi Muthoni alikaa na mambo yake ya Kahuhia kwa muda wa miaka mingi kabla ya kuyatia katika kitabu, na hakuyapoteza. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Na kumbukumbu za wazee ni mali.