Mbwa kameza gunzi: eksirei inaona nini, na haioni nini?

Leo naweka jambo lililotugharimu mbwa nyumbani, labda litamwokoa wa mwenzangu.

Mbwa wetu alikuwa mlinzi wa mbuzi. Akaanza kutapika, hataki kula, tumbo gumu. Sisi tukasema minyoo hiyo, tukampa dawa. Siku ya tatu hata maji akawa anayatapika. Tukampakia kwenye pikapu mpaka Arusha, akapigwa eksirei ya tumbo.

Daktari akauliza, "Huyu kala nini?" Kimya. Ndipo mdogo wangu akaanza kulia: "Kaka, nilimrushia gunzi lina mchuzi wa nyama." Kumbe siku zote alijua, ila aliogopa kuchapwa.

Sasa wengi tunadhani eksirei inaona kila kitu. Si kweli. Mionzi hii, aliyoigundua Mjerumani Wilhelm Röntgen mwaka 1895, hupenya mwilini. Chuma, jiwe na mfupa huizuia, hivyo kwenye picha vinatokea vyeupe. Hewa inatokea nyeusi. Nyama na majimaji, kijivu. Mbwa akimeza msumari au sarafu, utaiona fasta. Lakini gunzi, kitambaa au mfuko wa plastiki mara nyingi hujificha kwenye ule ukijivu.

Hapo daktari anatafuta dalili, hasa utumbo uliovimba kwa gesi kabla ya pale palipoziba. Anapiga picha zaidi ya moja, mnyama akilala ubavu, kisha chali, maana picha moja inadanganya. Akibaki na shaka anaweza kurudia picha baada ya saa kadhaa, kumnywesha bariamu inayotokea nyeupe, au kutumia ultrasaundi.

Wenye paka, chungeni uzi. Uzi ukinasa chini ya ulimi huku ncha nyingine imeshaingia tumboni, utumbo unajikunja na uzi unaukata kama msumeno. Ukiuona unaning'inia mdomoni au nyuma, USIUVUTE. Mpeleke kwa daktari.

Mbwa wetu alipasuliwa. Gunzi lilikuwa limeziba utumbo, na sehemu imeshaoza. Usiku uleule akafa.

Kwa hiyo wadau:

1. Anatapika mfululizo na hali? Usisubiri siku tatu kama sisi. Mpigie afisa mifugo akuelekeze palipo na mashine ya wanyama. Huku Mbulu eksirei tuliyoizoea ni ya binadamu, kama ya Hospitali ya Haydom.

2. Usimtapishe mwenyewe. Kitu chenye ncha kitachana koo kikirudi.

3. Usimpe dawa za watu. Panadol inaua paka, hata kidonge kimoja.

4. Mweleze daktari kala nini na lini. Kama kuna kipande kilichobaki, nenda nacho.

Hiyo ya nne ndiyo inayoniuma. Picha haikulionyesha gunzi waziwazi, ila aliyeliona alikuwepo nyumbani tangu siku ya kwanza. Tulishamzoesha kwamba akisema ukweli anakula fimbo, akanyamaza. Sikumchapa. Siku hizi magunzi yote anayaokota mwenyewe, anayapeleka jikoni yakawashe moto.

Nawasilisha. Kama yamewahi kukukuta, tuambie ilikuwaje.