Mvua Ikinyesha, Pango Mwachie Mwenyewe

Jumamosi moja ya vuli nilitoka pangoni saa kumi jioni, tope mpaka masikioni, nacheka peke yangu kwa raha. Nilipofika kwa wakwe zangu, Konde, kicheko kilikatika. Mke wangu alikuwa barazani, kanga imemganda mwilini, na mbele yake majamvi ya karafuu yameroa chapachapa.

Nilikuwa nimemwambia adhuhuri itanikuta nyumbani. Mvua ilipoanguka alikimbia peke yake kuzianua. Nusu aliziokoa, nusu zilipigwa. Na si unajua, karafuu ikiroa hubadilika rangi, bei nayo inashuka. Nikajiandaa kupigiwa kelele. Wala! Alinitazama tu, akasema: "Karafuu nitazianika tena. Wewe je, ningekuanika wapi?"

Mpenzi msomaji, kama unaishi na mtu mwenye wazimu wa kitu fulani, iwe mpira, pikipiki au uvuvi, hali hii unaijua. Wazimu wangu mimi ni mapango. Katikati ya wiki nakaa ofisini Chake Chake na tai yangu shingoni, wikiendi natambaa kwa tumbo gizani. Ila siku ile ilinifundisha kwamba mpenda mapango hupimwa siku ya mvua, akiwa nyumbani.

Mvua ndiyo fundi
Baadhi ya sehemu za kisiwa chetu zimekaa juu ya mawe ya matumbawe ya kale, yaani chokaa. Maji ya mvua yakipita hewani na kwenye udongo huchukua kaboni dayoksaidi, yakawa tindikali hafifu sana. Hiyo tindikali hulila jiwe kidogo kidogo, maelfu ya miaka, mpaka linatoboka. Pango, basi, ni nyumba iliyojengwa na mvua. Vuli na masika zikifika, mwenyewe amerudi kwake. Wewe mgeni unabisha hodi ya nini?

Unakumbuka Thailand mwaka 2018? Vijana 12 na kocha wao wa mpira waliingia pango la Tham Luang tarehe 23 Juni. Mvua ikanyesha, maji yakaziba njia. Walionekana baada ya siku 9, na wa mwisho alitolewa tarehe 10 Julai. Mzamiaji mmoja, Saman Kunan, alipoteza maisha akirudi kutoka kupeleka mitungi ya hewa. Mapango yetu si marefu kama lile, lakini jiwe likiroa linateleza kama sabuni, na aliyevunjika mguu gizani hana wa kumwita.

Siku ya mvua tunafanyaje sasa?
Asubuhi naweka ndoo chini ya bati. Maji ya bure hayo! Naosha viatu vya mpira, kofia ngumu na kamba. Kamba naipitisha mkononi yote, pole pole, nikitafuta pahala palipochunika, kwa sababu kidole huhisi kilichofichika kwa jicho. Halafu naianika kivulini, maana jua kali huichosha nailoni. Tochi nazitoa betri zisije zikavuja.

Baada ya chakula cha mchana ndipo utamu ulipo. Naleta daftari lenye vipimo vyetu: urefu kwa futi ya kupimia, mwelekeo kwa dira. Mke wangu ni mwalimu, na mkono wake umetulia kuliko wangu. Mimi nasoma namba, yeye anachora ramani. Pale anaponiuliza, "Hapa mlipinda kulia au kushoto?" nagundua sikumbuki. Yaani yeye ambaye hajaingia ndiye aliyeniumbua!

Siku nyingine tunasoma. Pango la Kuumbi, kule Jambiani, Unguja, lilichimbwa mwaka 2005 na timu ya Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Uchunguzi uliofuata umeonyesha watu walifika humo karibu miaka 20,000 iliyopita, na mifupa ya pundamilia imekutwa. Pundamilia Unguja! Zama zile bahari ilikuwa chini, Unguja imeungana na bara. Sisi Pemba mkondo wetu una kina cha mamia ya mita, kwa hiyo tulibaki kisiwa. Hata hapa Makangale, ng'ambo ya msitu wa Ngezi, wataalamu wa mambo ya kale wamechimba pangoni. Ukijua hayo, huingii tena ukipiga makelele. Unapita kwa sheha kwanza, unawauliza wazee, maana yako mapango ambayo watu bado hupeleka ubani.

Jioni wenzangu wanakuja na wake zao. Kahawa chungu, halua ya Wete, na mashindano ya kufunga mafundo huku macho yamefumbwa. Wanawake wanatushinda. Tusiseme zaidi.

Makubaliano yetu manne
1. Saa ya kurudi inaandikwa ukutani. Ikipita saa moja, sheha na jamaa wanaarifiwa.
2. Tunaingia wanne. Akiumia mmoja, mmoja anabaki naye, wawili wanafuata msaada.
3. Kila mtu tochi tatu. Ya simu haihesabiwi.
4. Wingu likijikusanya, tunageuza, hata kama tumebakisha hatua kumi.

Hiyo ya nne ndiyo ngumu, ndugu yangu. Lakini ndiyo iliyorudisha amani ndani ya nyumba.

Vuli iliyopita wingu jeusi lilitokea upande wa bahari, nami nishavaa viatu. Nilivivua. Tulishika jamvi, yeye upande huu, mimi ule, tukaziingiza karafuu zote kabla ya tone la kwanza. Kisha tukakaa na ramani yetu, bati likipiga ngoma juu. Akaweka kidole mahali peupe.

"Hapa mbona hamkumaliza?"

"Tutamaliza mvua ikikatika," nikamjibu.

"Basi ikikatika, nami naja."

Jumamosi iliyofuata jua liliwaka. Ukutani niliandika saa ya kurudi, na chini yake, kwa mara ya kwanza, majina mawili. Mama mkwe ndiye aliyebaki akiangalia saa.