Njia ya Lori Kuteremkia Ghala Lililo Kando ya Ziwa

Vyama vya msingi vyenye maghala kwenye miteremko ya Ziwa Victoria, hususan upande wa Bukoba, vina desturi moja isiyofaa: fedha zote za ujenzi huishia kwenye kuta na mabati, nayo njia ya lori huachwa ijichonge yenyewe kwa magurudumu. Halmashauri nyingi huihesabu njia hiyo kuwa jambo la matope tu. Lakini chini ya mteremko ndipo ulipo mzani, na mbele ya mzani ndipo wakulima hujipanga na magunia yao siku za mauzo. Lori likikosa breki, hao ndio litakaowafikia kwanza.

Tuanze na hesabu. Lori lenye uzito wa tani 10 pamoja na shehena, likiwa kwenye mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 5, huvutwa chini kwa nguvu ya tani 2 hivi. Mteremko ukiwa wa mita 1 kwa kila mita 10, nguvu hiyo hupungua kuwa tani 1. Kwa sababu hiyo njia isishuke moja kwa moja kuelekea ziwani, hata kama ndiyo fupi na rahisi kuchimba. Kiwanja kinachoshuka mita 9 kinahitaji njia ya mita 90 iliyokatwa kwa mshazari. Nafasi isipotosha, iwekwe kona pana ambayo mteremko wake umelegezwa, ili dereva asilazimike kurudi nyuma akiwa katikati ya kilima.

Upimaji huu hauhitaji mtaalamu. Chukueni ubao ulionyooka wa mita 2, ncha moja ikae ardhini upande wa juu, kisha inueni ncha ya pili hadi pimamaji ioneshe usawa. Pengo kati ya ncha hiyo na ardhi likizidi sentimita 20, mmevuka kipimo nilichotaja.

Njia inapokutana na barabara kuu, pawe na sehemu iliyo karibu tambarare, yenye urefu wa lori zima, ili dereva asimame na kutazama pande zote mbili. Chini vilevile pawe na uwanja wa kupakilia. Na hapa ndipo ninapowasihi wajumbe wa halmashauri wasibane matumizi: mwisho wa njia usielekee mlango wa ghala wala mzani, bali uelekee tuta nene la udongo na mawe, ghala likiwa pembeni. Nimeona ua wa miti michanga ukipandwa mahali pa tuta. Unapendeza, lakini hauzuii lori.

Adui wa pili ni maji. Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na masika huishia Mei, wakati msimu wa kahawa unapokaribia. Uso wa njia uinamie upande wa kilima, wenye mtaro uliotandikwa mawe, wala usiinamie ukingo wa bonde. Maji ya mtaro yavushwe kwa kalvati hadi penye majani, yasiachiwe shamba la jirani. Ukingo upandwe vetiva. Penye mteremko mkali zaidi, mistari miwili ya zege kwa magurudumu yatosha, mradi uso wake ukwaruzwe kwa ufagio mgumu kabla haujakauka.

Wanaotaka kulisogeza ghala karibu na mitumbwi wakumbuke kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukoni. Aidha, ziwa hupanda: lilifanya hivyo mwaka 1964, na tena mwaka 2020.

Fundi asimaliziwe malipo yake kabla ya mvua kubwa ya kwanza. Siku hiyo lori tupu lisimame katikati ya mteremko, liondoke tena kupanda bila magurudumu kuteleza, na uwanja wa chini uwe hauna mtu. Matokeo yaandikwe katika kitabu cha mihtasari.