Mashine mpya ya kuchapa rangi au iliyotumika? Hesabu ya mchapaji wa Johannesburg

Mchapaji mdogo wa Johannesburg, Afrika Kusini, anayetaka kuchapa kwa rangi kwa wingi hukabiliwa na uamuzi mgumu: anunue mashine mpya kwa mkopo wa miaka kadhaa, au achukue iliyokwisha kutumika kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo.

Ugumu unatokana na kazi yenyewe, ambayo haina subira. Mjini Soweto na katika vitongoji vingine, maziko hufanyika aghalabu Jumamosi asubuhi, na waombolezaji hugawiwa kijitabu cha ratiba ya ibada chenye picha za marehemu. Familia huleta picha zikiwa zimebaki siku mbili au tatu, na huvitaka vijitabu Ijumaa jioni. Mashine ikikwama Ijumaa mchana, radhi haisaidii kitu. Mteja huyo harudi, wala jamaa zake.

Mashine zinazohusika si printa za mezani. Ni mitambo ya kidijitali ya kampuni kama Xerox, Canon, Ricoh na Konica Minolta, inayotumia wino wa unga na kufanya kazi kutwa nzima kwenye karatasi nzito. Mitambo hiyo huagizwa kutoka nje, na kwa hiyo bei yake hufuata thamani ya randi. Desemba 2015, Rais Jacob Zuma alipomwondoa Waziri wa Fedha Nhlanhla Nene, randi iliporomoka ghafla, na kila mwenye nia ya kuagiza bidhaa nje alilazimika kurudia mahesabu yake. Mnunuzi wa mashine iliyotumika naye asidhani amekwepa tatizo hilo, kwani wino na vipuri navyo hutoka huko huko.

Bei ya ukurasa mmoja

Swali la msingi ni kila ukurasa mzuri utagharimu kiasi gani. Chukua mfano wa hesabu tu, usio bei ya soko. Mashine mpya ya randi 900,000 ikigawanywa kwa miezi 60 ni randi 15,000 kwa mwezi. Kwa kurasa 30,000 kwa mwezi, kila ukurasa hubeba senti 50 za mashine. Iliyotumika ya randi 180,000, ikitarajiwa kudumu miezi 36, ni randi 5,000 kwa mwezi; kwa kurasa 10,000, ni senti 50 zile zile. Lakini mwenye kurasa 10,000 akinunua ile mpya, mzigo wake hupanda hadi randi moja na nusu kwa ukurasa, kabla ya wino, karatasi na mshahara. Hapo ndipo wengi huzama.

Hata hivyo, hesabu hiyo huvunjika pasipo fundi. Mashine mpya kwa kawaida huja na mkataba wa matengenezo: mwenye duka hulipa kiasi maalumu kwa kila ukurasa, na muuzaji hubeba wino, vipuri na ufundi. Iliyotumika mara nyingi huuzwa bila mkataba huo. Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi anapaswa kumpelekea wakala wa kampuni namba ya mashine na kuuliza kama atakubali kuihudumia, na kama vipuri vyake vingali vinatengenezwa. Jibu la wakala lina uzito kuliko namba iliyo kwenye kaunta. Mashine iliyochapa kurasa milioni tatu chini ya uangalizi wa fundi huenda ikawa salama kuliko iliyochapa laki tano, kisha ikaachwa ghalani mwaka mzima.

Johannesburg nayo ina mambo yake. Mji uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mashine hizi hutumia umeme wa volti nyingi kuuvuta wino wa unga hadi kwenye karatasi, na katika hewa nyepesi cheche hutoka kwa urahisi zaidi. Mashine iliyofanya kazi Durban, mji wa pwani, huweza kuhitaji kurekebishwa upya ikifika huku. Majira ya baridi, kuanzia Juni hadi Agosti, hewa hukauka, karatasi hugandana na kukwama. Ni busara kuijaribu kwa karatasi nzito, mamia ya kurasa mfululizo, si kurasa kumi za maonyesho.

Sheria na siri za wengine

Wauzaji wengi hupenda neno la Kiafrikana *voetstoots*, maana yake kitu kinauzwa kama kilivyo, kasoro zikiwamo. Sheria ya ulinzi wa mlaji, iliyoanza kutumika kikamilifu mwaka 2011, humpa mnunuzi dhamana ya miezi sita anaponunua kwa mfanyabiashara. Lakini hailindi kampuni yenye mauzo au mali ya kufikia randi milioni mbili, na haki hiyo ya ubora haihusu vitu vya mnadani. Anayetaka kuagiza mashine kuukuu kutoka ng'ambo huhitaji kwanza kibali cha tume ya biashara ya kimataifa ya nchi hiyo, ITAC.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni diski iliyo ndani ya mashine, ambayo huweza kuhifadhi nakala za kazi zilizopita. Nchini Marekani, kampuni ya bima ya afya ya Affinity ilikubali mwaka 2013 kulipa zaidi ya dola milioni 1.2, baada ya kurejesha mashine za kunakili za kukodi bila kufuta taarifa za wagonjwa. Afrika Kusini nayo ina sheria ya kulinda taarifa binafsi, inayotekelezwa tangu Julai 2021. Diski na ifutwe kabla mashine haijabadilisha mikono.

Kwa duka la kurasa chache, iliyotumika yenye fundi wa karibu ndiyo chaguo la busara. Wapo hata wanaonunua mbili za aina moja: moja ya kazi, nyingine ya kutolea vipuri, ili Ijumaa isiwakute mikono mitupu.