Umeandika Kitabu cha Kutengeneza Apu? Uza Kwanza, Chapisha Baadaye

Muswada umekamilika. Mtu ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa msimbo akiusoma, atatoka na apu yake ya kwanza ya simu. Huna kampuni ya uchapishaji nyuma yako, kwa hivyo kazi ya kuuza ni yako pia.

Wengi wakifika hapa hukimbilia kwa mpiga chapa, wanalipia nakala 500, halafu wanaanza kutafuta wasomaji. Wazee walituonya tusikate mbeleko kabla ya mtoto kuzaliwa. Na kwa kitabu cha teknolojia, hatari ni mara mbili. Mwaka 2017 Google ilitangaza kwamba itaiunga mkono lugha ya Kotlin kwenye Android, na mwaka 2019 ikaipa nafasi ya kwanza. Mwaka 2021 ikatoka Jetpack Compose 1.0, njia tofauti ya kuunda kurasa za apu. Vitabu vinavyokaa chini ya kitanda vinazeeka.

Piga hesabu hii

Tuseme mpiga chapa anataka shilingi 350 kwa nakala, na utachapisha 100. Hiyo ni shilingi 35,000. Kitabu utauza 800, lakini anayelipa mapema umpe kwa 700. Watu 50 wakilipa mapema, umepata 35,000. Gharama ya kuchapisha imerudi, na bado una nakala 50 za kuuza.

Weka tarehe mbili na uzitangaze: siku ya mwisho ya kulipa mapema, na siku ya kitabu kutoka. Idadi isipotimia, mrudishie kila mtu pesa yake. Mpaka msomaji apate kitabu mkononi, hiyo pesa ichukulie kama amana. Usiiguse kwa karo wala kwa kodi ya nyumba.

Onyesha kitu kinachofanya kazi

Anayeanza haogopi bei peke yake. Anaogopa atalipa halafu asielewe. Mpe sura ya kwanza bure kwa PDF, na ihakikishe anamaliza akiona kitu kinafunguka kwenye simu yake mwenyewe. Tangazo linalosema “Jifunze misingi ya Kotlin” halimwambii mengi. “Tengeneza apu ya kurekodi michango ya chama chenu” linamgusa hata mweka hazina wa chama.

Mwambie ukweli mapema pia. Android Studio inataka kompyuta yenye RAM ya GB 8 au zaidi. Akitaka kuweka apu kwenye Google Play, atalipa dola 25 za kujisajili, mara moja tu. Mteja akijua haya kabla ya kulipa, hatakuja kudai kurudishiwa pesa.

Kama unataka vitabu vyako viingie madukani, omba ISBN kutoka kwa Kenya National Library Service kabla ya kuchapisha.

Pesa za kitabu zikae peke yake

Ukipokea malipo kwa laini yako ya kawaida, mauzo yatachanganyika na pesa za nyumbani. Baada ya wiki mbili hutajua nani amelipa. Chukua nambari ya Till au Paybill, na uulize ada zake kabla ya kupanga bei.

Paybill ina faida moja ambayo wengi hawaitumii: nafasi ya nambari ya akaunti. Waambie wa vikundi vya WhatsApp waandike KITABU1, na wanafunzi wa chuo waandike KITABU2. Mwisho wa mwezi, soma taarifa ya malipo. Utajua tangazo lipi lilileta pesa na lipi lilileta “likes” tu.

Usitume kabla ya kuthibitisha

PDF ikishatoka haiwezi kurudi. Mtu akikutumia picha ya ujumbe wa malipo, usiiamini. Picha hutengenezwa, na ujumbe hughushiwa. Angalia malipo kwenye akaunti yako: jina, kiasi na nambari ya muamala. Akikuharakisha eti gari la vifurushi linaondoka, mwambie kwa upole asubiri dakika moja. Mteja wa kweli atasubiri. Na hakuna mteja anayehitaji PIN yako ili akulipe.

Aliyenunua, mtunze

Ukishamtumia kitabu, muulize kama angependa kupata marekebisho bure Google ikibadilisha kitu. Akikubali, andika barua pepe yake. Asipokubali, muache. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haikuruhusu kumtumia mtu matangazo kwa sababu tu uliona nambari yake alipolipa.

Hao wasomaji 50 wa kwanza ndio watakuambia sura ipi iliwashinda. Irekebishe, halafu ndiyo uchapishe nakala 100 nyingine. Mmoja wao akikutumia picha ya apu aliyotengeneza, omba ruhusa uiweke kwenye tangazo lako lijalo. Hakuna maneno yako yatakayouza kitabu kuliko hiyo picha.

Leo fanya moja tu: tafuta bei ya mpiga chapa, ugawanye kwa bei ya kulipa mapema, na uandike idadi ya wasomaji unaohitaji. Hiyo ndiyo namba ya kukimbiza kabla hujalipia hata karatasi moja.