Vita vya Kiooni Si Vita vya Medani

Askari aliyefunzwa vyema hafyatui risasi kabla ya kuhakikisha anacholenga. Kanuni hiyo tulifundishwa tungali kadeti, nasi tulidhani tumeishika barabara. Lakini siku moja mjini Arua tulikaribia kuivunja, si kwa bunduki bali kwa simu ya mkononi.

Tulikuwa tumeletewa picha ya video. Ilionyesha usiku wa giza, mizinga ikitema moto kuelekea angani, na ndege ikianguka huku ikifuka moshi. Maneno yaliyoandamana nayo yalidai kwamba mapigano hayo yalikuwa yakiendelea ng'ambo ya mpaka, karibu na Koboko. Ndugu msomaji aliyewahi kutumikia Nile Magharibi anaujua uzito wa habari ya namna hiyo. Koboko ipo katika pembe inayokutanisha Uganda, Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Uvumi ukivuma huko alfajiri, kufikia adhuhuri akina mama wamekwisha kufunga mizigo.

Kidole chetu kilikuwa tayari kuwatumia wenzetu picha hiyo. Kwa bahati, wakati huo tulikuwa tumeketi katika chumba kimoja ambamo vijana hulipa fedha kidogo na kucheza michezo ya video, mahali tulipofika kutafuta habari za makala haya. Kijana mwenye chumba aliitazama mara moja tu, akacheka.

"Afande, hivyo si vita. Huo ni mchezo. Unaitwa Arma 3."

Naam, tuliona haya. Lakini haya ile ilituzalia elimu, na elimu hiyo ndiyo tunayotaka kuwagawia wapiganaji wenzetu na ndugu zetu wa polisi.

DALILI ZA UONGO

Mchezo wa Arma 3 ulitolewa mwaka 2013 na kampuni ya Bohemia Interactive ya Jamhuri ya Cheki. Umeigiza vita kwa ustadi mkubwa hata mwezi Novemba 2022 kampuni yenyewe ililazimika kuuonya ulimwengu. Ilieleza kwamba picha za mchezo huo zilikuwa zikisambazwa kana kwamba ni za vita vya Ukraine, na kwamba kabla ya hapo zilikwisha kubandikwa majina ya Afghanistan, Syria na Palestina. Waliodanganyika hawakuwa watoto peke yao. Walikuwamo pia baadhi ya vyombo vikubwa vya habari na hata ofisi za serikali.

Kijana wetu alitutajia dalili za kutambulia, nazo zinalingana na zile zilizotajwa na kampuni. Picha huwa hafifu na yenye kutikisika, ili kasoro zisionekane. Mara nyingi ni usiku. Sauti huwa hakuna. Watu hawaonekani wakienda huku na huko, kwa kuwa mchezo huigiza magari na ndege vizuri kuliko unavyoigiza binadamu. Moshi na vumbi haviendi kama vilivyozoeleka. Sare na magari hayalingani na yale ya majeshi yanayotajwa. Askari anayejua sare za jirani zake, na anayejua moshi wa baruti unavyopanda, ana macho ya kuyaona hayo mapema kuliko raia. Kosa letu ni kwamba hatukuyatumia.

MAONI YA SHABIKI

Kijana yule ameipenda michezo hii tangu utotoni, naye ana maoni makali juu yake. Hakubaliani na wazee wasemao kwamba mchezo wa bunduki humgeuza mtoto kuwa muuaji. Katika chumba chake, alisema, wateja wengi huomba mchezo wa kandanda, na ugomvi mkubwa hutokana na mabao. Lawama yake ni nyingine: kwamba michezo mingi ya vita husema uongo juu ya kifo. Mchezaji hufa, akahesabu sekunde chache, akainuka tena. Hakuna kaburi la kuchimba wala mjane wa kupelekewa habari. Vijiji vimechorwa, lakini wenyeji hawamo.

Waandishi wanaohakiki michezo hiyo hakuwasaza. Alisema wengi wao hueleza uzuri wa picha, kisha hutoa alama kama za mtihani, pasipo kuuliza mchezo unamfanyisha nini mchezaji. Tena wapo wanaobanwa na wenye fedha. Alitukumbusha kisa cha Jeff Gerstmann, mhakiki wa GameSpot huko Marekani, aliyefukuzwa kazi mwezi Novemba 2007 baada ya kuupa alama ya wastani mchezo wa Kane & Lynch, wakati ambapo matangazo ya mchezo huohuo yalijaa katika kurasa za mwajiri wake. Mwaka 2012 Gerstmann mwenyewe alithibitisha kwamba shinikizo la watangazaji lilichangia kuondolewa kwake.

Maneno hayo yalitugusa. Sisi ambao kazi yetu ni kulieleza jeshi kwa wananchi tunakijua kishawishi cha kusifu kila kitu. Lakini sifa isiyochunguzwa ni kama kurunzi lisilo na betri: linashikwa mkononi, wala halionyeshi njia.

MAJESHI NA MICHEZO

Majeshi hayajaanza leo kujifunza kwa kucheza. Chini ya miembe ya kambi zetu utawakuta askari wameinamia mweso, wenye mashimo 32 na kete 64, wakipima mbinu za kushambulia na kujihami. Mwaka 1824 jeshi la Prussia lilipokea mchezo wa ramani wa Reisswitz, nao ukawa chombo cha kuwafunza maofisa wake uamuzi. Katika michezo hiyo mchezaji hulipia kila kosa lake.

Tarehe 4 Julai 2002 jeshi la Marekani lilifungua njia nyingine. Lilitoa bure mchezo wa video ulioitwa America's Army, kwa nia ya kuwavutia vijana wajiunge nalo. Ulidumu miaka karibu 20, hadi ulipofungwa mwaka 2022. Wapo waliousifu kwa kufundisha nidhamu, na wapo waliouliza kama ni haki kumwita kijana vitani kwa njia ya mchezo. Swali hilo ni zito, nasi tunaliona la haki. Anayeitwa aelezwe gharama yote.

Msalaba Mwekundu nao ulishika upande wake. Kamati yake ya Kimataifa ilishirikiana na watengenezaji wa Arma 3, na mwaka 2017 ikatoka nyongeza inayohusu sheria za vita. Ndani yake mchezaji ni mfanyakazi wa misaada anayetegua mabomu yaliyoachwa ardhini. Watu wa Nile Magharibi hawahitaji kufafanuliwa maana ya kazi hiyo. Ni mwaka 2012 tu Uganda ilipotangaza kwamba imekamilisha kusafisha maeneo yaliyotegwa mabomu.

MCHEZO WA MKIMBIZI

Kutoka Arua tulishika barabara ya kaskazini hadi Koboko, na huko tuliketi na mzee mmoja aliyestaafu jeshi. Tulimsimulia habari za Lual Mayen. Huyu alizaliwa njiani, wazazi wake wakiikimbia vita ya kusini mwa Sudan, na dada zake wawili walifia katika safari hiyo. Alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu akamnunulia kompyuta ya dola 300, naye kijana akawa anatembea saa tatu kwenda kuitia umeme. Alijifundisha peke yake kutengeneza mchezo, akauita Salaam. Mwaka 2018 alitunukiwa heshima katika sherehe ya The Game Awards huko Marekani.

Katika Salaam mchezaji hapewi bunduki. Yeye ni mkimbizi anayekimbia, na akiishiwa na maji au chakula hununua kwa fedha halisi, ambazo zilikusudiwa kuwafikia wakimbizi wa kweli.

Mzee alinyamaza kitambo. Yeye mwenyewe mwaka 1980 alivuka kuingia Sudan akiwa na mtoto mgongoni.

"Wanangu," alisema, "mchezo huo umetengenezwa na mtu aliyekimbia. Anayekimbia hamwoni anayepiga. Anaona miguu ya aliye mbele yake tu."

Tulimwonyesha pia ile picha ya mizinga. Akatuuliza neno moja: "Je, mliituma?" Tulimjibu kwamba hatukuituma. Akaitikia kwa kichwa, akatazama njia ya mpakani, ambako wakati huo akina mama walikuwa wakirudi sokoni na vikapu vyao, wala hapana aliyekuwa akikimbia.

Ndugu mpiganaji, cheza ukipenda, kwani mapumziko ni haki yako. Lakini picha ya vita ikikufikia, itazame kama ulivyofunzwa kumtazama mtu gizani: simamisha, uliza, hakikisha. Kidole kilicho juu ya simu ni sawa na kidole kilicho juu ya kifyatulio, na wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi.