Majina ya utani ya mataifa katika Kiswahili

Majina ya utani ya mataifa katika Kiswahili ni maneno ambayo wasemaji wa lugha hiyo huyatumia kuwataja watu wa nchi au asili fulani badala ya jina rasmi la taifa lao. Baadhi ni ya kirafiki, mengine ni ya dharau, na mengine yamebadilika maana kufuatana na uhusiano wa watu wanaohusika.

Asili ya majina

Majina kadhaa ya zamani yametokana na mahali walikotoka wageni. Mshihiri ni Mwarabu wa Hadhramaut, nchini Yemen, kutokana na bandari ya Shihr. Mmanga ni mtu wa Manga, yaani Uarabuni, hasa Omani.

Mengine yametokana na maneno ambayo wageni walijiita. Mdachi, yaani Mjerumani, limetokana na neno la Kijerumani Deutsch. Kalasinga, yaani Kalasinga wa dini ya Usikh, lina ndani yake Singh, jina la wanaume Wasikh lenye maana ya "simba".

Kaburu limetokana na neno la Kiafrikaans boer, maana yake "mkulima". Wakati wa ubaguzi wa rangi nchini Afrika Kusini, Tanzania ilikuwa mwenyeji wa wapigania uhuru wa ANC, kwa mfano huko Mazimbu, Morogoro. Katika miaka hiyo neno kaburu lilipata maana ya mkandamizaji.

Mbongo

Mbongo (wingi: Wabongo) ni Mtanzania. Asili yake ni "ubongo": Dar es Salaam iliitwa Bongo kwa kuwa mtu alihitaji akili nyingi ili aweze kuishi mjini humo. Baadaye jina likaenea hadi kutaja nchi nzima, na limo pia katika jina la muziki wa Bongo Fleva. Watanzania wenyewe hujiita Wabongo bila kuona aibu.

Nyang'au na mpaka wa Mara

Nyang'au ni mnyama mkali mla nyama. Kwa mafumbo ni mtu katili mwenye tamaa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 Tanzania ilifuata ujamaa, wakati Kenya iliendelea na ubepari. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya hadi mwaka 1983. Katika kipindi hicho cha uhasama baadhi ya Watanzania waliwaita Wakenya "manyang'au".

Katika mkoa wa Mara jina hilo lilikuwa na uzito wa pekee. Wakurya na Wajaluo wanaishi pande zote mbili za mpaka, ambapo Sirari iko Tanzania na Isebania iko Kenya. Mkurya wa Tarime aliyewaita Wakenya wote manyang'au aliwatukana pia ndugu zake wa ukoo waliozaliwa ng'ambo ya mpaka.

Matumizi

Asili ya jina haitoshi kuonyesha kama ni tusi. Kaburu lilianza kama jina la mkulima likawa lawama, ilhali Bongo lilianza kwa kutaja ugumu wa maisha likawa jina la kujivunia. Muhimu zaidi ni nani anayelitamka, kwa nani, na katika hali gani.